Kamehameha, Rasengan, Chidori, Jajanken: pigo lipi linamwonyesha mtu vizuri, na uanze na anime ipi

Mtu akiuliza aanze na anime (katuni za Kijapani) gani ya mapigano anamwagiwa majina kumi kwa mpigo, Naruto, Dragon Ball, One Piece, Bleach, Demon Slayer, na kila anayetaja ya kwake anaapa hiyo ndo kali kuliko zote, sasa mtu mwenye bando la wiki na kazi asubuhi atachaguaje? Mi nina kipimo changu. Angalia lile pigo kubwa la steringi, lile analolitaja jina kwa kelele kabla hajaliachia, alafu jiulize alilipataje, linamgharimu nini, na linakwama wapi. Majibu yakiwepo ujue mwandishi anamjua mtu wake, utamfuatilia mpaka mwisho hata siku ambayo hakuna ngumi inayorushwa. Ukikuta ni mwanga wa rangi na mlipuko tu, utafurahia picha lakini baada ya mwezi hukumbuki hata jina lake.

Ukubwa wa mlipuko sihesabu kabisa. Kila mtu anaweza kuchora mlima unaporomoka.

Nitawaweka wawiliwawili, maana pigo la mtu linasomeka vizuri ukiliweka pembeni ya la mpinzani wake. Nitagusa mambo yanayotokea ndani, kwahiyo kama hupendi kuhadithiwa ruka mpaka mwisho nilipoandika nani aanze na nini.

Goku na Vegeta

Kamehameha ndo babu wa haya mapigo yote ya kutoa mwanga mikononi, Dragon Ball ya Akira Toriyama imeanza kuchapishwa 1984 na wengi waliokuja baadae wameinywea hapo. Mzee Roshi, mwalimu wa Goku, alitumia miaka 50 kulitengeneza hilo pigo. Siku anaitwa kuzima moto mlimani akaliachia, moto ukazima na mlima nao ukaenda, na dogo Goku alikua amesimama pale anaangalia tu, akasema ngoja na mimi nijaribu, akakunja mikono vile vile, likatoka, dogo lakini likatoka, likaharibu gari. Miaka hamsini ya mzee imeondoka kwa jaribio moja. Hapo umeshamjua Goku mzima: kichwani hana mzigo, akiona kitu kizuri anakitaka, anakifanya, na wala hajui kama kilitakiwa kiwe kigumu. Na mzee wala hakununa. Kamehameha haina mwenyewe, Krillin anaipiga, Yamcha anaipiga, Gohan na Goten wanaipiga, hata adui yao Cell anaipiga kwa vile ametengenezwa na chembe zao.

Vegeta sasa. Mara ya kwanza tunaiona Galick Gun yake ni pale ametolewa damu na mtu anayemwona wa daraja la chini, akapanda juu angani akaamua bora dunia nzima ilipuke kuliko yeye kuaibika. Goku hana pa kukwepea maana akikwepa sayari imeisha, ikabidi aongeze Kaioken, mbinu yake ya kuzidisha nguvu, mpaka mara nne wakati mwili wenyewe umeshachoka, mionzi miwili ikasukumana pale katikati. Ukiangalia mikono yao wanakaribia kufanana, Vegeta mwenyewe alishangaa. Pigo karibu lilelile ila mmoja analipiga kuzuia na mwingine kwa sababu kaumizwa roho.

Alafu kuna Final Flash kwa Cell, hii naipenda kwa jinsi inavyomvua nguo Vegeta. Inachukua muda mrefu kujaa, anatanua mikono pale, umeme unatoka, na adui yeyote mwenye akili angeshasogea pembeni. Kwahiyo ili impate Cell ikabidi amchokoze majivuno yake, kama kweli umekamilika simama uipokee. Cell akasimama, akapoteza upande wa mwili, alafu akajiotesha upya anacheka. Yaani pigo la Vegeta linafanya kazi kwa mtu mwenye kiburi kama cha Vegeta, na bado halitoshi! Huyohuyo ndo alimwachia Cell akamilike kwanza ili apate mtu wa kupimana nae.

Akija kubadilika utaliona badiliko kwenye pigo kabla ya maneno. Kwa Buu, adui anayekuja baada ya Cell, anajilipua mwenyewe, na kabla ya hapo anamkumbatia mwanae Trunks kisha anampiga azimie ili asione. Buu hakufa lakini ile sio tena ngumi ya mtu anayetafuta sifa. Na mwishoni kabisa yeye ndo anatoa wazo la Genkidama, pigo ambalo Goku anaomba nguvu kwa kila kiumbe, watu wa dunia wakaombwa wanyooshe mikono wakagoma, ikabidi Mr. Satan, yule tapeli wa ubingwa, ndo awaombe ndo wakakubali. Mfalme wa kiburi ameishia kuomba msaada kwa wananchi.

Tatizo la Dragon Ball Z ni kwamba baada ya vita vya sayari ya Namek mapigo yanaanza kunyamaza. Kinachoongea ni nywele, leo za njano, kesho ndefu zaidi, na Kamehameha inabaki kuwa muhuri wa kumalizia kesi. Haimgharimu Goku kitu, hakuna siku utaogopa akiipiga. Kwa kipimo changu inapata alama nzuri mwanzo na mwisho, katikati wastani.

Naruto na Sasuke

Hapa ndo mtu anayetaka kujifunza kusoma pigo aje akae. Rasengan na Chidori ni ndugu wa damu, wengi wanaangalia mpaka mwisho bila kulishika hilo. Minato, baba yake Naruto na Hokage (mkuu wa kijiji) wa nne, alitengeneza Rasengan kwa miaka mitatu na hakuimaliza, alitaka kuiongezea asili ya chakra (nguvu ya ndani ya mwili), kama upepo au radi, ikamshinda. Mwanafunzi wake Kakashi akajaribu kuingiza radi ndani ya Rasengan, akashindwa, na kutoka kwenye kushindwa huko ndo ikaja Chidori. Kwahiyo wale madogo wawili wanapogongana wamebeba nusunusu za kazi ya mtu mmoja.

Angalia Naruto alivyoipata. Mwalimu wake Jiraiya alimpa puto la maji, alipasue kwa kuzungusha chakra ndani, basi. Dogo akahangaika, mpaka akamwona paka anachezea puto, analigonga huku analigonga kule, ndo akili ikamjia kwamba maji yazungushwe pande nyingi kwa wakati mmoja, akaanza kulikoroga kwa mkono wa pili. Likaja la mpira mgumu, huo hautaki kuzungusha tu unataka nguvu. Mwisho puto la kawaida lenye hewa, na hili ndo kazi kwelikweli maana halitakiwi kupasuka, kimbunga kiwe ndani na nje kutulie. Hapo katikati ameshawekeana dau na Tsunade, mganga waliyetumwa kumtafuta, kwamba ndani ya wiki atakua ameliweza, dau lenyewe mkufu wa babu yake Tsunade, na wiki ikaisha bado hajaweza kwa mkono mmoja.

Alichofanya kwa adui aitwaye Kabuto ndo kinanifanya nimpende huyu dogo. Kabuto amekuja na kisu, Naruto akaingiza kiganja kwenye kisu kikapita, akaukamata mkono wa Kabuto kisu kikiwa humohumo, asiondoke, alafu akaita kopi yake (ana mbinu ya kujigawa awe wengi) ije ikoroge Rasengan kwenye mkono wa pili. Kakashi asingefanya hivyo, Sasuke ndo kabisa, wao wangetafuta njia safi. Naruto hana njia safi. Mtoto aliyekua bila mtu wa kumshika mkono, dawa yake ni kujizidisha awe wengi, na hata pigo lake anahitaji wa kumsaidia kulitengeneza. Miaka mingi mbele bado anatoa kopi kwa ajili ya Rasengan na haoni aibu.

Sasuke alipewa Chidori na Kakashi, ambaye ndo mwalimu wao, ndani ya mwezi mmoja, kabla ya fainali za mtihani wa chunin, wa kupanda cheo cha ninja. Inavyofanya kazi ni hivi: unajaza radi mkononi, sauti yake ni kama ndege elfu wanalia, alafu unakimbia kwa spidi kali moja kwa moja kwa adui. Ubovu wake ni huohuo, unakimbia mpaka huoni pembeni, mtu akikusogezea kisu unajichoma mwenyewe. Ndo maana bila Sharingan, yale macho ya ukoo wa Sasuke yanayowahi kuona mwendo wa adui, haifai. Sasa mchukue Sasuke maisha yake yote, ana mtu mmoja wa kumuua, kaka yake Itachi, anakimbia mstari mmoja na haoni kingine, sio marafiki sio kijiji sio ukweli wenyewe. Sijui kama kuna pigo lingine linamchora mwenyewe hivi. Kakashi alimwekea na mpaka, mbili kwa siku, ikizidi ni hatari kwake, na wewe unajua tu kwamba huyu ataizidisha.

Kuna tukio moja la juu ya paa la hospitali, kama huna muda wa chochote angalia hilo. Wanagombana, kila mmoja ameshashika lake, Kakashi akaingia katikati akawarusha kwenye matenki ya maji. Tenki la Sasuke limetoboka tundu kubwa, maji yanamwagika kwa fujo, akatabasamu. La Naruto tundu dogo, linachuruzika. Sasuke anaondoka zake ameridhika, alafu anapita nyuma ya lile tenki la Naruto na kukuta upande wa pili wote umepasuliwa. Ile sura yake pale, hakuna aliyesema neno. Siku chache kabla alikua amemfuata Itachi na Chidori hiyohiyo kwenye nyumba ya wageni, Itachi akamdaka kifundo cha mkono akakivunja, sasa hata huyu mpumbavu wa darasani nae amempita. Kuanzia hapo anaondoka kijijini na unaelewa kwanini, hata kama hukubaliani nae.

Kwenye pambano lao la bondeni, Naruto akijaribu kumrudisha, Chidori inapita kifuani kwa Naruto. Rasengan ya Naruto, na alikua na nafasi, inaishia mkwaruzo kwenye kitambaa cha paji la uso. Miaka baadae Naruto anaimalizia kazi ya baba yake, anaingiza upepo kwenye Rasengan, anampiga nayo adui aitwaye Kakuzu, na inamrudi, inaharibu mkono wake mwenyewe mpaka Tsunade anapiga marufuku. Alivyopata njia ya kuirusha kutoka mbali ndo ikawa salama kwake. Kila hatua ina gharama na kila gharama inasema kitu.

Kasoro za Naruto zinajulikana. Ya utotoni ina episodi 220 na Shippuden 500, fila (episodi za kujazia ambazo hazipo kwenye hadithi yenyewe) zimejaa humo, na kwenye vita kuu mwishoni mapigo yamekua ya ukubwa wa milima mpaka yule dogo wa puto unamtafuta. Tafuta orodha ya fila, ziruke, hutakosa kitu.

Gon na Killua

Kwenye Hunter x Hunter mwandishi, Yoshihiro Togashi, amechukua hilo tunalolifanya hapa na kuliweka kama sheria ya ulimwengu wake. Nen, nguvu ya ndani wanayopigania humo, ina aina sita na aina yako inaendana na tabia yako. Unapimwa kwa glasi ya maji yenye jani juu, unaweka mikono, ya Gon maji yakafurika na kumwagika, hiyo ni ya kuongeza nguvu, ya Killua maji yakabadilika ladha yakawa matamu kidogo, hiyo ni ya kubadili umbo la nguvu iwe kitu kingine. Hisoka, mpiganaji hatari anayemfuatilia Gon, ana maelezo yake, kwamba wa aina ya Gon ni watu wa kunyooka, wabishi, na wa aina ya Killua ni vigeugeu na waongo, yeye mwenyewe akiwa wa aina hiyo hiyo ya Killua kwahiyo uamuzi ni wako kumwamini.

Pigo la Gon ni Jajanken, mchezo wa watoto wa jiwe, mkasi, karatasi. Jiwe ni ngumi nzito, mkasi ni kisu cha nguvu, karatasi ni tufe la kurusha. Anasimama, anajaza, na anaimba ule wimbo wa mchezo kwa sauti kabla ya kupiga!! Adui amesikia, ameona, ana muda wa kunywa chai. Wenzie wote walimwambia ni ubovu na ni kweli. Ila ndo Gon, hajui kuficha, anakwambia nakuja na anakuja. Sehemu inayotisha ni kwamba unaichukulia kama utoto mzuri, mtoto mkweli, mpaka siku unaona ukweli huohuo hauna breki.

Dalili ipo mapema, kwenye ule mchezo wa kurushiana mpira na mpinzani aitwaye Razor. Gon anataka aupige mpira kwa ngumi yake yote, kwahiyo mtu aushike. Killua anaushika. Ili nguvu isipungue Killua hajikingi mikono vya kutosha, kila ngumi ikipita kwenye mpira mikono yake inaumia, imevimba imeharibika, na Gon anajua. Akiulizwa kwanini asishike mtu mwingine anasema lazima awe Killua. Na Killua amefurahi kuambiwa hivyo! Mi nilirudia hapo, maana ni urafiki mtamu na ni mtoto anayepiga mikono ya rafiki yake ili ashinde, vyote viko kwenye picha moja. Baadae sana, kwa adui aitwaye Pitou, ngumi hii ya mchezo wa watoto inarudi, na anachotoa ili aipige sitakisema hapa.

Killua nae anatumia umeme, na sababu sio kwamba umeme unapendeza kwenye skrini. Familia yake ni wauaji wa kulipwa, wamemtesa na umeme tangu mdogo mpaka mwili umezoea, kwahiyo kitu walichomwumizia ndo anachopigania. Na una chaji. Ukiisha umeisha, kuna pambano na adui aitwaye Youpi anampiga vizuri kabisa alafu chaji inakata, anaondoka zake bila aibu. Killua alilelewa kukimbia mtu anayemzidi, kaka yake alimwekea mpaka sindano kichwani kwa ajili hiyo, na ile kasi yake kuu, Kanmuru, inakuja baada ya kuing'oa mwenyewe. Ukiweka pembeni na Gon utaona mmoja hajui kusimama na mwingine kazi yake kubwa ni kujifunza kutokukimbia.

Hisoka mwenyewe pigo lake ni Bungee Gum, inanata kama bigijii na inavutika kama raba, ameipa jina la peremende ya utotoni. Akishakugusa ameshakubandika, utajua baadae. Kurapika, rafiki yao Gon na Killua, yeye amejifungia mnyororo kwa sharti kwamba akiutumia kwa mtu asiye wa genge lililoua kabila lake anakufa. Kisasi kimegeuzwa kuwa pingu, na kwenye manga (vitabu vya picha ambavyo anime imetokana navyo) tunakuja kujua macho yake mekundu yanamla umri kila sekunde. Huhitaji hata fleshibaki kumjua huyu.

Kwangu hakuna anayeifikia hii, na sisemi kwa ushabiki, ni kwamba humu huwezi kubadilishana mapigo kati ya wahusika hata wawili bila hadithi kuanguka.

Zenitsu na Tanjiro

Demon Slayer nitaenda haraka, nayo inapita haraka. Zenitsu ni mwoga, analia, anamwomba kila binti akubali kuolewa nae. Mtindo wake wa radi una hatua sita na ameweza ya kwanza tu, babu aliyemfundisha akamwambia basi hiyo moja ifue mpaka iwe kali kuliko za wengine wote. Kwahiyo anafanya kitu kimoja, anachomoa upanga na kupita, na anakifanya akiwa amezimia, maana akiwa macho woga unamshika. Kwenye mlima wa buibui ana sumu mwilini na anairudia ileile moja mara sita mfululizo. Nusu ya mtandao wanamcheka, mi nadhani ndo mhusika aliyeandikwa vizuri kuliko wote humo.

Tanjiro ana hatua kumi za maji na watu wanakumbuka zile zenye joka, pamoja na ile ngoma ya moto ya baba yake kwenye episodi ya 19, ambayo kweli ni noma. Mi nakumbuka hatua ya tano. Mama buibui, mmoja wa mashetani wa mlima ule, ameamua kufa, ameinua mikono na kutoa shingo, na Tanjiro katikati ya shambulio anabadilisha, anatumia hatua ya huruma ambayo anayekatwa hasikii maumivu, anasikia kama mvua. Mtu ana pigo maalum la kumuua adui bila kumwumiza. Hayo mengine ya moto yanapendeza ila yangeweza kuwa ya yeyote.

Wengine kwa kifupi: Deku wa My Hero Academia anavunja mikono yake kwa ngumi zake mwenyewe, mwanzo ni nzuri sana kisha inakua kawaida. Saitama ngumi yake moja ni utani na utani wenyewe ndo tabia yake, kachoka, hana wa kupimana nae. Luffy ana mazuri mengi lakini One Piece imepita episodi elfu moja, siwezi kumshauri mtu anayeanza.

Sasa uchague. Kama una watoto nyumbani na mnaangalia pamoja, anza na Dragon Ball ile ya kwanza ya Goku mdogo, episodi 153, kuna utani wa yule mzee mwenye tamaa utauruka, mengine yanaeleweka kwa kila mtu. Kama bando lako ni dogo na unataka picha kali, Demon Slayer msimu wa kwanza una episodi 26, wikiendi mbili umemaliza na utajua kama hii dunia ni yako. Kama unapenda hadithi ya watu wawili wanaotafutana miaka, una uvumilivu na orodha ya fila mkononi, ni Naruto, na usiihukumu kabla ya safari ya kumtafuta Tsunade maana Rasengan inaanzia huko.

Na kama unataka moja tu, chukua Hunter x Hunter. Ila angalia unachopakua, zipo mbili, ya 1999 na ya 2011, we chukua ya 2011 yenye episodi 148. Nen haitajwi mapema, mwanzoni ni mtihani wa Hunter na Gon anapigana na fimbo ya kuvulia samaki, watu wengi wanaacha hapo wakidhani ni ya watoto. Vumilia mpaka wafike ule mnara wa mapigano, Heavens Arena, ndo glasi za maji zinatolewa.